Unyumba Baada ya Miaka 50: Mwongozo Kamili wa Afya ya Chumbani

Mzee akikaa mbele ya daktari na kusema kinachomsumbua ni mgongo, ataandikiwa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani na shida yake ileile. Alitaka kusema kwamba uume hausimami. Lakini daktari ana umri wa mjukuu wake, nesi anapita huku na huku, na binti aliyemleta amekaa kiti cha pembeni akiwa ameshika daftari la kliniki. Mkewe naye ana lake. Tendo linamuuma kama kidonda, na dawa aliyoipata ni kuhamia chumba cha wajukuu. Wote wawili wana shida ambazo hospitali inaweza kuzishughulikia, na wote wawili wamenyamaza.

Watu wazima hawaachi mambo haya kwa kuwa wamepata mvi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti wa watu 3,005 wenye miaka 57 hadi 85. Katika kundi la miaka 65 hadi 74, asilimia 53 walikuwa bado wanashiriki tendo, na hata katika kundi la miaka 75 hadi 85 walikuwepo asilimia 26. Waliowahi kulizungumza na daktari tangu wafikishe miaka 50 walikuwa asilimia 38 ya wanaume na asilimia 22 tu ya wanawake. Huku kwetu ukimya unaanzia kwenye takwimu zenyewe, maana zile tafiti kubwa za afya ya uzazi zinazofanywa kila baada ya miaka kadhaa humhoji mwanamke akiwa na miaka 15 hadi 49. Akitimiza 50, dodoso linampita.

Msimamo wangu ni mmoja, na mwongozo mzima umejengwa juu yake: kinachobadilika chumbani ukubwani mara nyingi ni taarifa ya moyo, sukari, mishipa au dawa unazomeza. Kwa hiyo pima kwanza, nunua baadaye. Wengi wetu hufanya kinyume.

Hatua ya kwanza: pateni chumba na saa

Naanza na jambo ambalo vitabu vya kitabibu hulipita. Nyumba nyingi za wazee wetu zimejaa wajukuu. Mmoja analala na bibi kitandani, wawili wako chini kwenye godoro, babu yuko sebuleni. Mnaweza kuwa na afya ya chuma na bado unyumba ukafa kwa kukosa mlango unaofungwa.

Hamisheni watoto. Kama chumba ni kimoja, gaweni kwa pazia zito na mlale mkijua wanalala saa ngapi. Tieni kitasa au komeo la ndani mlangoni, fundi wa mtaani hulifunga kwa muda mfupi. Kisha badilisheni saa. Usiku si lazima. Kwa mwanamume homoni ya testosteroni huwa juu zaidi asubuhi, ila mwenye baridi yabisi huamka viungo vimekaza na vinahitaji muda kulegea. Saa nne asubuhi, watoto wako shule, mmeshakunywa chai na mwili umepata moto, huo ni wakati mzuri kuliko saa tano za usiku baada ya ugali mzito. Majirani wakiuliza kwa nini mlango umefungwa mchana, mmepumzika.

Hatua ya pili: semezaneni kabla ya kumsemesha daktari

Pwani tuna somo na kungwi wa kumfunda mwari, na bara nako kuna mashangazi. Mafunzo hayo humwandaa bibi harusi. Hakuna anayerudi miaka thelathini baadaye kumfunda mwanamke aliyekoma hedhi, wala kumwambia mumewe kwamba mwili wake sasa unahitaji maandalizi marefu zaidi. Matokeo yake kila mmoja anamsoma mwenzake vibaya. Mume akishindwa, mke anadhani kuna nyumba ndogo. Mke akikwepa, mume anadhani amechokwa.

Chagueni wakati ambao hamko kitandani na hakuna aliyekasirika. Anza na mwili wako mwenyewe, si kosa la mwenzako. "Mama Asha, siku hizi nguvu zinaniisha katikati, si kwamba sikutaki" inafungua mlango. Mke anaweza kusema, "Nikikukatalia usidhani nakuchukia. Naumia. Twende tukaulize." Mkikubaliana kwamba mmepumzika na mambo hayo, na wote wawili mna amani, hiyo pia ni afya, na hamna deni kwa mtu. Tatizo ni pale mmoja anapoamua na mwingine anabaki kuulizia ukutani. Na ndoa ya miaka arobaini haimpi mtu ruhusa ya kulazimisha. Mwenzako akisema leo hapana, jibu ni hilo.

Hatua ya tatu: kapimeni mwili

Hii ndiyo hatua ambayo ningependa mwanamume wa miaka 50 aisome mara mbili. Mishipa ya damu inayolisha uume ni myembamba, milimita 1 hadi 2 hivi. Ile ya moyo ina milimita 3 hadi 4. Mafuta na ugumu wa mishipa vinapoanza kuziba njia, njia nyembamba huziba kwanza. Ndiyo maana uume unaoanza kulegea unaweza kutangulia maumivu ya moyo kwa miaka kadhaa. Mtu anayekimbilia dawa za kificho wakati huo anazima kengele na kuacha moto uendelee.

Vipimo vya kuanzia havina ukubwa wowote. Pima presha, ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, una kazi ya kufanya. Pima sukari kabla ya kula, 7.0 mmol/L kwenda juu, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari. Pima mafuta kwenye damu kama hospitali yenu inaweza. Kisukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu kwa pamoja, kwa hiyo mwanamume hupoteza nguvu na mwanamke hupoteza hisia, tena mwanamke huweza kusumbuliwa na fangasi ukeni zinazorudi kila zikitibiwa. Mama wa miaka 58 anayewashwa kila mwezi asitafute mchawi, apime sukari.

Kwa mwanamume, ulizia pia tezi dume, hasa kama unaamka usiku mara kadhaa kukojoa au mkojo unatoka kwa kusitasita. Wengi wanaogopa kidole cha daktari. Kipo kipimo cha damu kiitwacho PSA, ingawa hakiondoi kila mara haja ya uchunguzi wa mkono, na huo hauzidi dakika moja. Kuna jambo watu hawaambiwi: kutoa shahawa siku moja au mbili kabla kunaweza kupandisha majibu ya PSA, na kuendesha baiskeli vilevile. Pumzika siku mbili kwanza, usije ukaogopeshwa na namba isiyo yako.

Kwa mwanamke, sheria ni moja na haina msamaha. Ukishakaa miezi 12 bila hedhi, damu yoyote inayotoka ukeni baadaye, hata tone la baada ya tendo, hata ya siku moja, inatakiwa kuchunguzwa hospitalini. Mara nyingi chanzo ni ukavu tu. Lakini ndiyo dalili inayotangaza saratani ya mji wa mimba, na ile ya shingo ya kizazi inaweza kujionyesha hivyohivyo, na zikikamatwa mapema kuna la kufanya. Usikubali maneno ya "hedhi imerudi, umekuwa msichana". Hedhi hairudi baada ya mwaka mzima na mtu akaichekea.

Hatua ya nne: mwaga dawa zako zote mezani

Chukua mfuko wa plastiki, tia kila dawa unayotumia: za presha, za sukari, za usingizi, za mafua, za mitishamba. Nenda nao kliniki. Baadhi ya dawa za presha hupunguza nguvu za kiume, hasa za kuongeza mkojo kama hydrochlorothiazide na za kupunguza mapigo ya moyo kama atenolol na propranolol. Baadhi ya dawa za sonona na za usingizi hushusha hamu kwa wote wawili. Dawa za mafua na mzio kama ile wengi wanayoijua kwa jina la Piriton hukausha pua, na zinaweza kukausha kwingine pia.

Usiziache. Mzee anayeacha dawa za presha ili awe mwanamume wa jana anaweza kuamka na kiharusi, na hapo mazungumzo yanabadilika kabisa. Mwambie daktari kwa maneno haya: "Tangu nianze dawa hii, nguvu za kiume zimepungua. Kuna nyingine?" Mara nyingi ipo. Amlodipine na losartan, kwa mfano, hazina sifa hiyo mbaya. Daktari ataamua kwa kutazama moyo na figo zako, lakini hawezi kuamua jambo ambalo hujamtajia.

Hatua ya tano: ukavu na maumivu kwa mwanamke

Hedhi hukoma kwa wanawake wengi kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni inashuka, ngozi ya uke inakuwa nyembamba, majimaji yanapungua, na kibofu nacho kinakuwa chepesi kupata maambukizi. Joto la usiku na jasho hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Ukavu haupungui. Bila kutibiwa huzidi, na hapo ndipo wengi wanapokosea kwa kusubiri upite.

Kabla ya dawa, ondoa vinavyokausha. Shabu ya kubana, sabuni ya kuoshea ndani, dawa za kuua vijidudu, kujifukiza udi kwa chini: vyote hivi vinakausha au kuchubua ngozi ambayo tayari ni nyembamba kama karatasi. Najua nazungumza na watu waliofundwa kwamba hivyo ndivyo usafi na utamu wa mke. Somo alikufunda ukiwa na miaka 20. Kwa mwili wa miaka 60, shabu ni michubuko, na michubuko ni mlango wa maambukizi, VVU vikiwemo. Fukiza nguo na shuka, zitanukia vizuri. Huko chini osha nje kwa maji tu, kutoka mbele kwenda nyuma.

Halafu tumia kilainishi. Jeli ya maji huuzwa famasi bila cheti cha daktari na inakubaliana na kondomu zote. Pakaeni wote wawili, kwa wingi, na ongezeni katikati. Mate hukauka haraka. Mafuta safi ya nazi yanafaa kwa wanandoa waliopima na wasiotumia kondomu. Yakikutana na kondomu ya kiume ya mpira wa kawaida yanaidhoofisha na inapasuka, na Vaseline hufanya hivyohivyo. Vaseline siipendekezi ukeni hata bila kondomu, kwa sababu inaganda ndani na kukaribisha maambukizi.

Jeli isipotosha baada ya wiki chache, muulize daktari wa kina mama kuhusu estrojeni ya kuweka ukeni, ya krimu au ya kidonge kidogo. Kwa kawaida huwekwa kila usiku kwa wiki 2, kisha mara mbili kwa wiki, na nafuu huja taratibu ndani ya wiki kadhaa. Kipimo chake ni kidogo na sehemu kubwa inafanya kazi palepale. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti aseme kwanza. Mijini huipati kila duka la dawa, tafuta famasi kubwa, na uende na cheti.

Kwa wale ambao kizazi kinashuka au mkojo unachuruzika wakikohoa, kuna mazoezi ya nyonga. Kaza misuli kama unayezuia mkojo, shikilia sekunde 5 hadi 10, legeza, rudia mara 10, mara tatu kwa siku. Unaweza kuyafanya ukichambua mchele, hakuna atakayejua. Yape miezi mitatu. Wanaume nao wanafaidika nayo. Kizazi kikitokeza nje, nenda hospitali. Kuna kipete cha kukishikilia ndani na kuna upasuaji. Kila baada ya tendo nenda kakojoe, hasa kama maambukizi ya mkojo yanakurudia.

Mwisho wa hili: aliye chini ya miaka 50 asiache uzazi wa mpango mpaka amalize miaka 2 bila hedhi, aliyevuka 50, mwaka 1. Mimba ya miaka 47 imewashangaza wengi.

Hatua ya sita: nguvu za kiume, na biashara iliyojengwa juu yake

Stendi ya mabasi, kundi la WhatsApp, kibanda karibu na msikiti: huwezi kukosa mtu anayeuza vumbi la Kongo au chupa isiyo na jina. Shida yake si ushamba. Shida ni kwamba hujui kilichomo. Katika nchi nyingi, mamlaka za dawa zimekuta bidhaa zinazoitwa za asili zimechanganywa kimyakimya na sildenafil, dawa ileile ya hospitali, bila kipimo. Mzee mwenye dawa za moyo anaimeza akidhani ni mizizi. Ndiyo maana Tanzania ina TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu, na kifurushi kisicho na namba ya usajili hakistahili kuingia mdomoni mwako. Supu ya pweza sina ugomvi nayo. Ni chakula kizuri, kina protini, na ukinywa barazani na wenzako unachangamka. Haifungui mshipa ulioziba.

Sildenafil yenyewe ilianza kama dawa ya moyo iliyokuwa ikijaribiwa, na mwaka 1998 ikaidhinishwa Marekani kwa ajili ya nguvu za kiume. Historia hiyo inaeleza kwa nini inagombana na dawa za moyo. Ukiwa unatumia dawa za jamii ya naitreti, kama glyceryl trinitrate ya kuweka chini ya ulimi au isosorbide, usiguse sildenafil wala tadalafil. Zikikutana, presha huporomoka na mtu anaweza kufa. Anayetumia tamsulosin au doxazosin kwa ajili ya tezi dume amwambie daktari, kwa sababu nazo hushusha presha. Vivyo hivyo anayetumia ARV za mstari wa pili zenye ritonavir, kwani hizo huifanya sildenafil ikae mwilini kwa wingi kuliko kawaida.

Daktari akikukubalia, wazee huanzishwa kwa kiasi kidogo, mara nyingi miligramu 25. Unakunywa saa moja hivi kabla. Mlo wa mafuta mengi huichelewesha, kwa hiyo biriani la Ijumaa lisubiri. Haizidi mara moja kwa siku. Na haifanyi kazi bila msisimko. Mtu anayemeza kisha akakaa kuangalia taarifa ya habari akisubiri muujiza atasema dawa ni feki. Ikishindwa mara ya kwanza, usiongeze mwenyewe. Rudi kwa daktari, mara nyingi kosa liko kwenye muda au chakula. Tadalafil inakaa muda mrefu zaidi, hadi saa 36, na wengine huipenda kwa kuwa haina presha ya kukimbizana na saa.

Sindano za testosteroni zinatangazwa sana siku hizi. Zina kazi yake, kwa mtu ambaye kipimo cha damu cha asubuhi, kilichorudiwa, kimeonyesha upungufu na ana dalili. Nje ya hapo ni kuchezea tezi na damu.

Sigara huharibu mishipa ileile tuliyoizungumzia juu. Pombe nyingi vilevile. Kutembea kwa kasi nusu saa karibu kila siku kunasaidia kuliko wengi wanavyoamini, na hakuuzwi stendi.

Aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume asishtuke akifika kileleni na kukuta shahawa hazitoki. Mara nyingi zimerudi nyuma kwenye kibofu na zitatoka na mkojo. Hazina madhara. Raha hubaki.

Hatua ya saba: moyo, kiharusi na viungo

Swali linaloulizwa kwa kunong'ona ni hili: nitafia kitandani? Kwa mwenzi mliyezoeana, kazi ambayo moyo unafanya ni kama kutembea kwa kasi au kupanda ngazi za ghorofa mbili. Hicho ndicho kipimo chako. Ukiweza kupanda bila maumivu ya kifua wala kuhema kupita kiasi, kwa kawaida unaweza. Usipoweza, onana na daktari kwanza. Baada ya mshtuko wa moyo au upasuaji, uliza siku ya kuruhusiwa kutoka wodini, kwa sababu wenyewe hawatakuambia.

Aliyepata kiharusi mara nyingi huogopa kwamba tendo litaleta kingine, na hilo ni nadra presha ikiwa imetulizwa. Mlaze upande, mkono na mguu dhaifu vikiegemezwa kwa mto, na mguse upande wenye hisia.

Kwa magoti na nyonga zinazouma, paracetamol nusu saa kabla na maji ya moto ya kuoga hufanya kazi nzuri. Mlale kwa ubavu, mke mbele na mume nyuma, mto katikati ya magoti. Hakuna anayebeba uzito wa mwenzake. Mkao wa ujana una watetezi wengi, lakini goti haliheshimu watetezi. Na kama kuingiliana hakuwezekani siku hiyo, kushikana, kukandana na kulala bega kwa bega ni unyumba pia.

Hatua ya nane: mwenzi mpya baada ya kufiwa au kuachana

Hapa pana hatari ambayo kampeni nyingi za vijana zimeiacha wazi. Mjane wa miaka 62 hana hofu ya mimba, kwa hiyo kondomu haimjii akilini. Mgane naye anaamini kwamba mtu mzima mwenye staha hawezi kuwa na virusi. Virusi haviulizi umri, na ngozi nyembamba ya uke wa mtu mzima huchanika kwa urahisi zaidi.

Kabla ya nikaha au ndoa ya kanisani, pimeni wote wawili VVU, kaswende na homa ya ini aina ya B, na msomewe majibu pamoja. Kama mmoja alikuwa na mahusiano mengine ndani ya miezi mitatu iliyopita, rudieni kipimo cha VVU baada ya miezi mitatu, kwa sababu maambukizi mapya yanaweza yasionekane. Mpaka hapo, kondomu. Mwanamume ambaye uume haukazi vizuri huiona kondomu ya kiume kama adui, inateleza. Kondomu ya kike ndiyo jibu lake: inavaliwa mapema, haitegemei ukakamavu, na aina iliyoenea sasa haiharibiwi na mafuta.

Mmoja akikutwa na VVU, ndoa haijafa. Anayemeza ARV kila siku mpaka kipimo kikaonyesha virusi havionekani hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Wakati mnasubiri kufikia hapo, mwenza asiye na virusi aulize PrEP, vidonge vya kinga. Na kama kumetokea hatari ya ghafla, PEP, dawa za dharura za kuzuia VVU, huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Mwenye kisukari anayetumia metformin awakumbushe kliniki anapoanzishiwa dolutegravir, mojawapo ya ARV, maana hupandisha kiwango cha metformin mwilini na dozi huenda ikapunguzwa.

Mjane anayesukumwa kurithiwa na shemeji ana haki ya kudai kipimo, na ana haki ya kukataa kabisa.

Hatua ya tisa: siku ya kliniki

Vituo vingi vya serikali Tanzania vina dirisha la wazee; anzia hapo ufupishe foleni. Ukiingia kwa daktari, mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo babu, karibu. Nini kinakusumbua leo?"

"Marahaba mwanangu. Nina mambo mawili. La kwanza presha. La pili ni la chumbani, nguvu za kiume zimepungua tangu mwaka jana. Naomba tuzungumze tukiwa wawili."

Limekwisha. Sentensi moja, na daktari ana la kushika. Mama anaweza kusema, "Nina maumivu wakati wa tendo na uke ni mkavu," na kama anataka kuhudumiwa na mwanamke, aseme palepale. Liseme mapema, usilifiche mpaka umeshashika kitasa cha mlango.

Ninyi watoto mnaowapeleka wazazi: mkishamsaidia kukaa, tokeni nje. Semeni, "Baba, niko hapo kwenye benchi," na mwende kweli. Msimuulize njiani daktari kasema nini.

Dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo

Maumivu ya kifua wakati wa tendo au baada yake: acha tendo, kaa, tafuta usafiri. Kama umemeza sildenafil, tadalafil au unga wowote wa nguvu za kiume, waambie wahudumu kabla hawajakupa kitu, hata kama mkeo anasikia, kwa sababu dawa ya kwanza wanayoweza kukuwekea chini ya ulimi ndiyo ile isiyotakiwa kukutana nayo. Uume uliosimama zaidi ya saa 4 bila kushuka si sifa. Ni dharura, na ukingoja hadi kesho tishu hufa. Kuona giza ghafla kwa jicho moja, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, usilazwe kitandani "apumzike kidogo". Damu nyingi ukeni, au maumivu makali ya tumbo la chini yenye homa, vivyo hivyo. Beba ule mfuko wa dawa.